Kichwa cha Mama Hoosen

Lavinia alizimia tena.

"Basi bibiye huyo chini," msusi Sikujua alisema, mikono yake ikiendelea kusuka. "Shangazi hajatamka hata neno. Kakohoa tu mlangoni, mtoto wa watu keshalala kwenye zulia, watumishi wanamnusisha vichupa."

"Tena?" Matilda aliguna. "Si juzi tu alizimia kwa ajili ya farasi?"

"Juzi farasi, leo shangazi. Kesho atazimia kwa uji wa moto."

Wanawake wakacheka. Hii ndiyo iliyokuwa desturi ya saluni ya Matilda, chumba kimoja cha ghorofani pale Greyville, dirisha likitazama uzio wa uwanja wa mbio za farasi. Kusuka mistari midogo midogo kunakula mchana mzima, na mchana wa Durban wa mwezi wa pili, feni ikisukuma joto kutoka ukuta huu kwenda ule, hauendi bila hadithi. Wenye saluni nyingine walikuwa na redio. Matilda, mama wa Kisongea aliyefika mji huu na kitana na ulimi wake tu, alikuwa na Sikujua.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, kikuukuu, kimesimamishwa mbele ya kioo na kubanwa kwa kopo la mafuta ya nywele. Alikitunga mwanamke mmoja wa Uingereza zama za vita vya Napoleon, akaona haya kuweka jina lake, akaandika tu kuwa ni kazi ya Mwanamke wa Heshima. Sikujua alikisoma kwa macho akakimwaga kwa Kiswahili, na mikono haikusimama. "Angekuwa na akili," alipenda kusema, "angeona haya kwa yaliyomo, si kwa jina."

Na yaliyomo ni haya. Lavinia, binti wa mchungaji aliyekufa bila kuacha kitu, anapendwa na Osmundi. Osmundi ana shangazi tajiri, na shangazi hataki. Osmundi anapiga magoti, analia, anampa Lavinia kishungi cha nywele zake, anapanda farasi anakwenda zake. Lavinia anakaa dirishani. Kurasa mia mbili mtu yuko dirishani! Sikujua alikuwa anazikata hizo kurasa bila huruma na kutia maneno yake mwenyewe. Osmundi wake alikuwa na masikio makubwa na mguu mmoja unaotoka jasho kuliko mwenzake.

"Ule Osmundi iko mwanaume ama iko rideau?" aliuliza Sesilia, msusi mwenzake kutoka Bukavu, akionyesha kwa kidevu pazia zito la mlangoni. Pazia hilo Matilda alilitundika ili wateja wanaojistiri wavue mitandio yao kwa amani. Mwanamume hakuruhusiwa kulipita, hata awe fundi wa bomba.

"Pazia lina faida, Sesilia. Linazuia jua."

"Banaume ba vile beko bengi hapa Durban," Sesilia alisema, akarudi kwenye kichwa cha mteja wake aliyekuwa amesinzia.

Kama Sikujua alikidharau kitabu kiasi hicho, kwa nini alikuwa anakisoma? Swali zuri, na Matilda alikuwa na adabu ya kutoliuliza. Kitabu kilikuwa zawadi. Alipewa na Hoosen, mwalimu wa shule moja ya Sydenham, kijana mpole wa macho, mtoto wa ukoo uliozaliwa hapahapa Durban ingawa mababu zao walivuka kutoka pwani zilezile alikotoka Sikujua. Kwa ajili yake Hoosen alijifunza Kiswahili upya mpaka akaweza kutania. Walipendana kwa namna ambayo Sikujua hakutaka kuikumbuka, na ambayo aliikumbuka kila siku alipofungua kile kitabu na kukuta harufu ya chaki.

Halafu siku moja, kwenye benchi la South Beach, chini ya yale maghorofa marefu, Hoosen alimwambia maneno mawili: "Mama hataki."

"Amekwisha niona?"

"Hapana."

"Kwa hiyo kanikataa kama mtu anavyokataa samaki kwa harufu ya jirani."

"Anasema wewe ni mtu wa kuja. Msusi. Hajulikani kwao ni wapi."

"Na wewe ukasemaje?"

Hoosen alilia. Mwanamume mzima, mwalimu wa watu, alilia mbele ya watoto wenye aiskrimu. Sikujua hakulia. Aliinuka, akapanda taxi ya kwanza iliyosimama, na tangu siku ile aliivaa dharau kama mtu anavyovaa koti. Alimdharau Hoosen, akamdharau mama yake asiyemjua, akaidharau bahari kwa kuwa palepale. Moyoni alijua kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu: siku akiivua dharau hiyo, ataanguka chini kuliko Lavinia.

Mchana ule wa kicheko, kichwa kilichokuwa mikononi mwake kilikuwa cha mama mmoja mtu mzima, mnene wa mabega, aliyepanda ngazi akihema na kuvua mtandio wake mweusi kwa heshima kubwa, kana kwamba anafunua chakula cha wageni. Nywele zake zilikuwa zimepungua kwenye mapaji. Bintiye anaolewa Jumamosi, alieleza, na yeye hataki kusimama kwenye picha na kichwa cha kuku aliyeloa. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kimetoboka hapa na pale na kuzibwa kwa Kiingereza.

"Kiswahili cha nyanya yangu hiki, my girl," alisema. "Kimeliwa na panya. Lakini nasikia yote. Endelea, huyo wa kuzimia."

Sikujua alikuwa amekwisha maliza mistari kama minne upande wa kushoto, akimfurahia mama yule, maana alikuwa anacheka mahali panapostahili kuchekwa.

"Nani alikuelekeza huku, Mama?" Matilda aliuliza.

"Mwanangu. Kanileta na gari mpaka chini. Kasema, Mama, Greyville iko mwanamke ana mkono mzuri, nywele zako zitarudi. Eish, Hoosen hajui kitu cha nywele. Sijui kasikia wapi."

Mkono mzuri ulisimama.

Akina Hoosen Durban ni wengi kama mchanga, Sikujua alijiambia. Akatazama kioo. Chini ya jicho la kushoto la yule mama kulikuwa na kidoti cheusi, kilekile alichokiona katika picha ndogo ndani ya pochi ya Hoosen, siku ambayo Hoosen alimwonyesha na kusema, "Huyu ndiye Bi Aysha, ogopa." Damu ikampanda Sikujua mpaka masikioni. Alitamani kuangusha kitana, achukue mkoba wake, amwache bibi huyu na nusu kichwa aende nacho harusini.

Matilda alikuwa anamtazama kupitia kioo. Alilijua jina la Hoosen. Nani pale hakulijua? Akatikisa kichwa mara moja tu, polepole: usithubutu.

Maana saluni ile ilikuwa na sheria moja, na wasusi wote wanaijua hata wasipoiandika ukutani. Kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja humalizwa na mkono huohuo. Nywele zikichanganyiwa mikono zinanyonyoka, na msusi aliyekiacha kichwa nusu mkono wake unaingia baridi, hapati mteja tena. Tena nywele za mama huyu zilikuwa zimekwisha anza kukimbia zenyewe.

Sikujua akashika mstari wa tano, akaukaza.

"Aah! My girl, ngozi hiyo!"

"Pole, Mama. Uzuri una gharama zake." Sauti yake ilikuwa tamu ya kutilia shaka. "Tulifika wapi? Ah, shangazi. Sikuwaeleza sawasawa habari za shangazi. Huyu alikuwa mwanamke wa kukataa vitu asivyovionja. Akiletewa embe, hataki, anasema limetoka mti gani. Akiambiwa mpwa wake ana mchumba, hataki, anasema kwao ni wapi. Kumwona hajamwona. Yeye na Mungu ndio wanaojua vya watu bila kuviona."

Sesilia aliinua kichwa. Mteja wake naye akazinduka. Hata feni ilikuwa kama imetega sikio.

"Shangazi ana haki," Bi Aysha alisema.

"Ana haki?"

"Of course. Msichana mwenyewe nini? Hana baba, hana kazi, kila kitu anaanguka. Leo sofa, kesho zulia. Nani anataka mkwe wa kuokota okota? Mimi pia ningesema hapana."

Sikujua alikaza mstari mwingine. Ubaya ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesema maneno hayo hayo kuhusu Lavinia wiki nzima. Kicheko kidogo kilimtoka puani kabla hajakizuia, na akajichukia kwa hilo.

"Na huyo kijana," mama aliendelea, sasa amenogewa, kidole juu. "Huyo Osmund. Analia nini? Anapanda farasi kwenda wapi? Mtu mwenye kutaka mke anasimama mbele ya mkubwa wake, anasema, mimi namtaka huyu. Kwisha. Mkubwa atafoka, atatupa sahani, lakini atakuwa amesikia. Akinyamaza, basi hakutaka sana."

"Pengine alisema," Sikujua alijibu taratibu. "Pengine shangazi hakusikia."

"Nakwambia anasikia! Mimi wangu pia alikuja. Nakaanga samosa za futari, anasimama mlangoni, anasema, Mama, iko msichana. Nikauliza, msichana gani? Akasema anatoka Tanzania, anasuka. Nikasema no, mtu wa kuja huyo, hatumjui kwao. Unajua akafanya nini? Akala samosa akaenda kulala! Kesho yake hakusema kitu, keshokutwa hakusema kitu. Nikasema moyoni, Aysha, kama ni penzi lenyewe ndilo hilo, basi lilikuwa njaa."

Matilda aligeuka dirishani akajifanya anatazama farasi, na siku hiyo farasi hawakuwapo.

Sikujua alisuka. Kitu kilimchoma mahali ambapo dharau yake haikufunika. Miezi yote hiyo alikuwa akimwona Hoosen amesimama mbele ya mama yake, anabishana, anashindwa, anatoka amevunjika. Kumbe hakubishana hata kidogo. Alikula samosa! Yeye, Sikujua, alikataliwa katikati ya sambusa moja na nyingine, na mtu aliyedai kumpenda akafuta mdomo akalala.

Nyayo zikasikika kwenye ngazi, zikasimama nje ya pazia.

"Mama? Bado?"

Sauti ile. Sikujua alikuwa amejiandaa kuidharau. Badala yake akajikuta anaisikiliza.

"Nusu bado! Kaa hapo, iko kiti."

"Banaume hapana ingia," Sesilia aliongeza, kwa furaha isiyofichika.

Kiti kikatoa mlio kikikaliwa. Chini ya pazia vilionekana viatu vya kahawia vilivyopigwa rangi, ncha zikitazamana kama watoto waliokosea.

"Haya, tumalize kitabu," Sikujua alisema kwa sauti ya kufika mbali. Alikilaza kile kitabu kifudifudi; kwa maneno aliyotaka kusema, Mwanamke wa Heshima hakuwa na msaada. "Siku moja, mvua inanyesha, nani kasimama mlangoni? Osmundi. Kalowa mpaka masikio, na masikio yenyewe mnayajua. Anasema, Lavinia, nimerudi. Lavinia hakuzimia. Alimtazama juu mpaka chini, akamwambia: Bwana, mwanamume anayependa akiwa peke yake na kunyamaza mbele ya watu, huyo si mpenzi, ni mwizi. Umeniibia muda wangu. Rudi ulikotoka ukamalize kula. Akafunga mlango, akala chakula chake, akalala vizuri sana."

"Bien!" Sesilia alipiga makofi.

"Kitabu hakisemi hivyo."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, ndogo lakini haikutetemeka. Bi Aysha alikunja uso kwenye kioo.

"Hoosen, wewe unajuaje kitabu cha hapa?"

"Ni changu, Mama. Nilimpa yeye."

"Nani yeye?"

"Anayekusuka. Sikujua."

Mama aligeuka ghafla, na mstari uliokuwa mkononi mwa Sikujua ukamvuta akarudi alipokuwa. Wakabaki wanatazamana kwenye kioo, mmoja amekaa na nusu ya kichwa chake imetimka, mwingine amesimama na kitana.

"Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi, Mama. Mtu wa kuja. Umeniona sasa."

"Na ulijua mimi ni nani?"

"Tangu mstari wa tano."

"Ndio maana ulinikaza!"

"Ndio maana."

Bi Aysha alivuta pumzi, akaitoa. "Hoosen. Umenileta hapa makusudi."

"Ndiyo, Mama. Nilitaka umwone. Nilijua ukimwona..."

"Haya ndiyo mambo!" Sikujua alilipuka, na koti lake la dharau likavimba kama linaingia upepo. "Mwanamume mzima unatuma nywele za mama yako zikuposee! Umeshindwa kumleta kwa maneno ukamleta kwa kitana. Ungeendelea hivyo, keshokutwa ungemtuma na jino lake. Hukuwa na mdomo siku ile? Ulikuwa umejaa samosa?"

Matilda aliziba kinywa kwa taulo.

"Mwisho wa kitabu," Bi Aysha alisema polepole, kana kwamba hakusikia lolote. "Wewe unakijua. Unaishaje, Hoosen?"

Viatu vya kahawia vilisogea, vikatulia. "Shangazi anakufa, Mama. Ndipo wanaoana."

Feni ikageuka kushoto, ikageuka kulia.

"So," mama alisema. "Mnangoja nife."

"Hapana, Mama!"

"Mimi siendi popote. Nyanya yangu alikufa kazika waume watatu. Mtangoja sana."

"Sitaki kungoja!" Hoosen alikuwa amesimama, pazia lilitikisika, lakini hakulipita. "Mama, nisikilize. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuogopa, na nikamwambia yeye kuwa wewe ndiye uliyekataa, kumbe nusu ya kukataa ilikuwa yangu. Sasa nasema mbele yako, uko hai na mzima: namtaka Sikujua. Foka, tupa sahani. Kesho nitasema hivi hivi, na keshokutwa. Na Sikujua akinikataa kama alivyosema Lavinia wake, ni haki yake. Lakini asinikatae akidhani sikumtaka."

Sikujua aliinamisha kichwa juu ya kichwa cha yule mama. Alitafuta neno kali, neno la kumkata miguu mtu aliye nyuma ya pazia, na maneno makali ambayo maisha yake yote yalimjia bila kuitwa, leo hayakuja hata moja. Vidole vyake vikachukua nywele, vikazigawa tatu, vikaanza kusuka.

"Sasa nimesikia," Bi Aysha alisema.

Akajiweka sawa kitini, shingo juu. "Kwetu posa haiji kwa kujificha kwenye saluni. Harusi ya dada yako ipite. Halafu nitakuja mimi mwenyewe na wajomba zako, na tutauliza kwao ni wapi mbele yake, si nyuma yake. Nani hapa ni mkubwa wake?"

"Mimi," Matilda alijibu upesi, kabla mtu mwingine hajafikiri.

"Mimi sijasema ndiyo," Sikujua alisema.

"Sijakuuliza bado, my girl. Nikikuuliza utakuwa na mdomo, hilo nimeshaona. Suka." Kisha, kwa sauti ya chini iliyokusudiwa kioo tu: "Yule wa kuzimia ningemkataa mara mbili. Wewe sijui. Una mkono mzito kwa anayekukosea. Hata mimi ninao."

Sikujua alisuka mstari, akasuka mwingine. Kitu cha moto kikamtoka jichoni bila ruhusa, kikadondoka kwenye utosi wa Bi Aysha, kikafuatwa na kingine.

"Nini hiyo? Feni inavuja?"

"Mafuta ya nywele, Mama."

"Ya moto hivi?"

"Ah, Lavinia!" Sesilia alinong'ona kwa nguvu ya kusikika mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. "Na wewe pia!"

Matilda alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua alijifuta shavu kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alilia waziwazi sasa, kama wale anaowacheka, na alijidharau kidogo tu, kwa mazoea.

Kiti kikatoa mlio tena nje ya pazia. "Sikujua?" Hoosen aliita. "Niende nikangoje kwenye gari?"

Sikujua alitazama kioo. Upande wa kulia wa kichwa cha Bi Aysha ulikuwa bado umetimka wote, na hapakuwa na mkono mwingine uliohalalishwa kuusuka.

"Kaa hapo hapo," alimjibu. "Nusu bado."